Mungu Aliyeota Nyuma ya Jiko

Tangu nilipoacha kazi ya kutafsiri, watu wa Nchelenge wanasema mambo mawili juu yangu. Wengine wanasema niliaibisha kanisa. Wengine wanasema niliharibu kazi ya watu wenye elimu. Wote wanakubaliana kwamba niliacha kwa haya. Sasa nyinyi vijana mnaokuja kukaa kwenye mkeka wangu na kuniuliza kazi hii inafanywaje, sikieni kutoka kwa mwenyewe. Sikuona haya hata siku moja. Nilikosea, nikasema nimekosea, na nikasema kwa lugha mbili ili kila mtu asikie. Kama kuna wa kuona haya, ni wale waliotaka ninyamaze.

Mnaniita Mama Kinywa, na wengi wenu hamjui jina langu lingine. Sina neno. Nilivuka mpaka kutoka Pweto nikiwa na watoto wawili na cherehani isiyo na sindano, na kitu pekee kilichonilisha upande huu wa Zambia ni kinywa. Kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya watu wasiosikiana. Upande mmoja ni sisi Wakongomani wa makazi ya wakimbizi, na Kiswahili chetu cha Katanga. Upande mwingine ni Wazambia wa ziwani na Kibemba chao, ambao Kiswahili wanakijua cha sokoni tu: leta, punguza, samaki gani hii. Nilitafsiri zahanatini, nilitafsiri barazani na bandarini, na Jumapili nilitafsiri kanisani.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja tuliyemwita Tata Kapya, ambaye alikuwa ametafsiri mpakani kabla sijazaliwa. Alikuwa mkali na mwenye meno machache, na kila neno lililotoka kwake lilikuja na upepo kidogo. Aliniambia nisimame nusu hatua nyuma ya msemaji na nitazame mdomo wake, nisitazame macho ya wasikilizaji, kwa sababu nikiyatazama nitatamani kuwafurahisha. Aliniambia nisiseme "anasema kwamba". Mtu akisema "mimi", na mimi niseme "mimi", maana pale mbele za watu Mama Kinywa hayupo. Na aliniambia kitu kimoja cha mwisho, ambacho nataka mkishike kuliko vyote. Kabla hujafungua mdomo, muulize mtu huyu: mama yako anakugombeza kwa lugha gani? Lugha anayojibia bei sokoni si lugha yake. Lugha aliyogombezwa nayo ndiyo yake.

Nilimcheka. Nilikuwa kijana kama nyinyi, na nilijua Kibemba changu kinatosha.

Hakikutosha. Kibemba kina neno mailo. Mailo ni jana, na mailo ni kesho vilevile, na ni kitenzi kinachokuambia ni ipi. Mwezi wangu wa kwanza bandarini, mama mmoja muuza chumvi alitaka kwenda Kisiwa cha Kilwa, kile cha ziwa letu, si cha pwani. Mwenye mtumbwi wa injini akajibu kwamba wanakwenda mailo, na mimi nikamwambia mama wa watu kuwa mtumbwi ulikwenda jana. Akajitwisha chumvi yake akarudi makazini kwa miguu. Asubuhi iliyofuata mtumbwi ukang'oa nanga bila yeye. Aliponikuta sokoni hakunipigia kelele. Alisema taratibu tu, "Mama, siku utakufa, nitaambia batu ilikuwa jana." Mpaka leo tukikutana ananiuliza leo ni lini.

Kosa lile lilinikasirisha, likaniponya kiburi kwa muda. Lakini kiburi cha mkalimani kinaota upya, hasa akishaanza kusifiwa. Kufikia wakati wa habari ninayotaka kuwaambia, nilikuwa nasifiwa sana. Watu walisema Mama Kinywa akitafsiri mahubiri, yanatoka matamu kuliko yalivyoingia. Nilikuwa nayapokea maneno hayo kama sifa.

Basi alikuja mwanamke mmoja wa chuo, Madame Solange, Mkongomani aliyekulia Ulaya, mwenye Kifaransa laini na Kiswahili cha salamu tu. Alitaka kujua jambo moja: mtu anazaliwa akiwa tayari na Mungu ndani yake, au anawekewa na wazazi baada ya kuzaliwa? Alikuwa anawauliza watoto wadogo, nchi hii na nchi ile. Alikuwa mtu mwema, aliwachukulia watoto kama watu wazima, hakuwacheka. Pasta Kalenga, mchungaji wetu, alimpa chumba nyuma ya kanisa, na mimi nikawa kinywa chake.

Tuliuliza watoto siku tatu. Watoto wa makazini wote walikuwa wanajibu yaleyale ya shule ya Jumapili, kwa sauti moja, hata mapumziko ya pumzi yalikuwa mahali pamoja. Madame alikuwa anaandika bila furaha. Siku ya tatu jioni, nikiwa nimechoka na koo limekauka, akaingia mtoto wa kike wa miaka sita hivi, aitwaye Mwape. Alikuwa amefika mwaka wa nyuma na nyanya yake kutoka kambi ya uvuvi ya Kisiwa cha Chisenga, na walikuwa wamejenga pembeni ya makazi. Nyanya huyo aligombana na kanisa zamani, kwa hiyo mtoto hakuwahi kukanyaga mlango wa kanisa lolote. Madame aliposikia hivyo, alikaa wima.

Nilimuuliza mtoto kwa Kiswahili, kama nilivyowauliza wengine wote. Swali la Tata Kapya, la lugha ya kugombezwa, sikumuuliza.

"Unamujua Mungu?"

Akaitikia kwa kichwa, akafurahi kabisa.

"Nani alikufundisha kumujua?"

"Hakuna mutu. Ilitoka yenyewe."

Nilipotafsiri, kalamu ya Madame ilisimama. Akaniambia niulize huyo Mungu yuko wapi. Mtoto akasema, "Iko kwetu, nyuma ya jiko." Anafanya nini? "Inatupatia chakula." Ni mkubwa? "Mwaka huu iko mukubwa."

Sasa sikieni nilichofanya, kwa sababu hapa ndipo kosa lilipo, na mengine yote ni matawi yake. "Nyuma ya jiko" nilitafsiri "karibu na nyumbani kwetu". "Mwaka huu" niliimeza. Niliona macho ya Madame yanang'aa, nikatamani yaendelee kung'aa, na maneno yale mawili yalikuwa yanachafua jibu zuri. Nikayafagia. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo.

Mtu wa pwani angeniuliza, wewe hukusikia hata sarufi? Angesema mtoto alisema "iko", na Mungu si "iko". Ndugu yangu, hapa kwetu pasta iko, mbuzi iko, na ziwa iko. Sarufi yetu haikunisaidia kitu.

Habari ilitoka chumbani kabla yetu. Mtoto wa Chisenga amezaliwa anamjua Mungu, hakufundishwa na mtu. Pasta Kalenga alilia, na sikumwona akijifanya. Alikuwa mtu aliyezika watoto wake wawili njiani wakati wa kukimbia, na ninaamini alikuwa amengoja miaka mingi kuambiwa kwamba walikwenda wakimjua wanayekwenda kwake. Hilo mlikumbuke mnapomcheka, maana najua mtamcheka.

Jumapili hiyo akamsimamisha Mwape mbele. Kanisa lilijaa, na Wazambia wa ziwani walikuja wengi, wakakaa upande wa kushoto wakingoja tafsiri yangu. Nyanya hakuwepo, miguu yake ilikuwa mibovu. Pasta akapiga magoti ili alingane na mtoto, akamuuliza kwa upole Mungu iko wapi leo.

Mwape akatazama chini. Akasema, "Tulimukata. Tukamukula."

Mama mmoja mbele akaanguka kifudifudi, na wengine wakamfuata, kwa sababu kila mmoja alifikiri juu ya msalaba na meza ya Bwana. Nami nikafungua kinywa changu kitamu, nikawaambia upande wa kushoto kwa Kibemba kwamba Lesa, ndiye Mungu kwao, alitobolewa akatolewa awe chakula chetu. Wakalia nao. Nakumbuka nilijisikia vizuri sana.

Baada ya ibada pasta alitangaza kwamba Jumapili inayofuata, ibada ikiisha, mtoto atapanda mtumbwi kwenda Kilwa, halafu atapelekwa Chienge, kutoka kanisa hadi kanisa, mpaka kila mtu asikie. Atakaa huko miezi. Nyanya atatunzwa. Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kumwambia huyo nyanya, kwa sababu alikuwa anajua Kibemba tu.

Tulikuwa tunamwita Banakulu Mwape, yaani nyanya yake Mwape, kama wanavyoita wenyewe. Nilimkuta ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Nilipomaliza kusema yangu hakupiga kelele. Alisema mjukuu wake hajala vizuri tangu siku ile, kwa sababu kila mtu mzima anayepita anamwinamia na kumuuliza habari za kitu ambacho tayari amesema yote anayoyajua. Alisema amejaribu kuwakataza, wakamwambia kwa ishara kwamba anapigana na Mungu. Alisema, mtoto huyu ndiye mtu wangu wa mwisho. Halafu, kwa kuwa nilikuwa mgeni, akaniwekea chakula: mboga iliyopikwa kwa unga wa karanga. Akaniambia nile, sahani ile ndiyo Mwape anaipenda kuliko nyingine, umungu ulioota wenyewe nyuma ya jiko.

Umungu. Kwa Kibemba ni mumunye, ndugu wa boga. Mwaka huu ulikuwa mkubwa, alisema. Hakuupanda mtu. Ulitoka wenyewe kwenye mbegu zilizomwagwa na maji ya vyombo, wakaukata siku moja kabla ya Jumapili, wakaula, kipande cha mwisho ndicho hicho nilichokuwa nakula, na umebaki mdogo mmoja kwenye mmea wake.

Kijiko kilibaki mdomoni. Mimi, niliyetafsiri Kibemba miaka yote ile, niliyenunua umungu sokoni kwa mikono yangu, sikuwahi kuyaweka maneno yale mawili, Mungu na umungu, bega kwa bega. Kila moja lilikaa kwenye chumba chake kichwani mwangu. Mtoto aliulizwa kama analijua mumunye, akasema ukweli mtupu, na mimi nikamfanya nabii.

Nilikwenda kwa Pasta Kalenga siku hiyohiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba Mungu anaweza kutumia hata neno la kukosea, na kwamba nisiwavunje watu moyo. Nilikwenda kwa Madame Solange. Alishika kichwa, akasema kurasa zile amekwisha kuzituma, tutaona baadaye. Nikaona kila mmoja ana sababu nzuri ya kumwacha Mwape apande mtumbwi.

Jumapili ikafika. Pasta alihubiri, nami nusu hatua nyuma yake nikatafsiri, mstari kwa mstari, hata sikuongeza chumvi. Alipomwita Mwape, nilitoka nyuma yake nikasimama mbele. Nikaanza kusema, "Mimi nimekosea," na watu wakaitikia amina, kwa sababu kwa miaka yote nikisema "mimi" ni pasta anayesema. Ilinibidi nigeuke nimwonyeshe kwa kidole kwamba yeye amenyamaza. Nikasema mimi Mama Kinywa. Mimi mwenyewe. Nikatoa kwenye kitenge changu mumunye lile dogo lililobaki, nikaliweka juu ya meza, na nikamuuliza mtoto kwa Kibemba hiki ni nini.

"Umungu," akasema, na kwa mara ya kwanza kwa wiki nzima akacheka.

Kicheko kikaanzia upande wa kushoto. Wanawake wa ziwani walishikana mabega, mmoja akatoka nje kabisa. Upande wa kulia, Wakongomani wenzangu, hawakuelewa kitu, wakawa wanawatazama kwa hasira kama watu waliopagawa. Nikageuka nikawaeleza kwa Kiswahili, neno kwa neno, pamoja na "nyuma ya jiko" na "mwaka huu" niliyoyaficha. Hao hawakucheka.

Pasta Kalenga akaja karibu nami. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama, umenipatisha haya mbele ya batu. Donc unasema Mungu haiko mu roho ya mutoto?"

"Sikusema vile, Pasta. Mi minasali kila siku. Mais nilifundishwaka. Mama yangu alinishika mikono, akanifunga vidole kimoja kimoja. Hata kutembea nilifundishwaka, na sasa miguu ni yangu. Sitaona haya ya kufundishwa."

"Na batoto bangu?" akauliza. "Hakuna mutu aliwafundisha bado."

Hilo lilinichoma, na linanichoma mpaka sasa ninapowaambia. Nilimjibu kwamba juu ya watoto wake sijui, na kwamba nisiyoyajua sitayatoa kinywani mwangu tena hata kwa kumfariji. Sikujua kusema vizuri zaidi ya hapo. Nikamshika Mwape mkono, tukatoka, na mtumbwi wa Kilwa uliondoka bila yeye.

Madame Solange alinifuata hadi mlangoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata kitu kipya. Akasema kwa Kifaransa kwamba basi imethibitika: mtoto asiyefundishwa hana Mungu, ana boga tu, na hilo nalo litafaa sana kuandikwa. Nilisimama. Nilikuwa nimetoka kugombana na pasta na sikuwa na nguvu ya vita vya pili, lakini ilibidi. Nilimwambia aandike hivi: tulimuuliza mtoto juu ya mumunye, akatujibu juu ya mumunye. Juu ya Mungu hatukumuuliza bado. Akasema hayo si matokeo. Nikasema ndiyo matokeo pekee tuliyo nayo. Sijui aliandika nini.

Baada ya hapo kanisa lilitafuta mkalimani mwingine, na wageni wa chuo wakaambiwa Mama Kinywa ni mgumu. Zahanati peke yake iliendelea kuniita, kwa sababu muuguzi alisema anamtaka mtu anayekiri. Nilifanya kazi hapo mpaka magoti yalipokataa. Mwape alibaki na nyanya yake mpaka akamzika. Sasa ni mama mwenye watoto, anauza samaki wakavu Nchelenge, na Jumapili anaimba kwaya katika kanisa lilelile, sauti ya kwanza. Alifundishwa, kama mimi. Akiniona, ananyanyua mumunye kama anayebeba mtoto, ananichokoza mbele ya wateja.

Juzi mmoja wenu alinionyesha simu inayotafsiri. Niliijaribu, nikaona ni haraka na ina adabu. Itumieni, sikatazi. Lakini simu haijui Banakulu Mwape anapika nini, wala haitakuuliza umegombezwa kwa lugha gani. Na simu haichoki kutaka kupendeza, kama nilivyokuwa mimi siku ile jioni.

Nyinyi mnataka niwaambie mwishowe: mtu anazaliwa na Mungu au anafundishwa? Mnaniuliza kila mara, mkidhani mzee aliyesimama katikati lazima anajua. Nimewasikia wanaosema anazaliwa naye, nimewasikia wanaosema anawekewa, na wote wawili walikuwa tayari kumpandisha mtoto yule mtumbwi. Nitawapa kitu kimoja tu, na msikifagie.

Mchana ule, tukitoka kanisani, tulifuata njia ya kando ya ziwa kuelekea kwa nyanya yake. Mwape alikuwa amebeba mumunye kwa mikono miwili. Ndipo nikakumbuka kwamba pamoja na kelele zote zile hakuna hata mmoja aliyemuuliza. Nikachuchumaa, nikamuuliza kwa Kibemba, lugha aliyogombezwa nayo, kama anamjua Lesa. Akafikiri. Alitazama mumunye, akanitazama mimi, na akaniuliza kwa uzito kabisa:

"Huyo naye aliota mwenyewe, au kuna mtu alimpanda?"

Nilifungua kinywa changu, kile kilichotafsiri mapasta na madaktari na waamuzi, nikamwambia sijui. Akaridhika, akaniomba nimsaidie kubeba, na tukaenda.